Kichupa cha Bibi Sasa ni Bei Gani

Shuleni, Tezo
Jumapili, 11 Januari 2026

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, magoti hayakusumbui, na Baba amekuja Ijumaa kutoka kiwanda cha chumvi cha Magarini na mfuko wake wa nguo zenye chumvi. Mimi sijambo. Mwaka huu nimepata kitanda cha chini karibu na dirisha, nami nimeshukuru kwa sababu naweza kusoma mpaka jua litue. Matroni Hannah anakusalimu. Ndiye anayezisoma barua zetu kabla hazijatoka, kwa hivyo ukiona ninaandika kwa adabu kupita kiasi, ndiyo sababu.

Barua ataileta Mwaro, yule kijana anayeleta nazi na mboga shuleni kutoka soko la Malindi. Amesema hata majibu yako atayachukua.

Bibi, nina haja. Mwalimu Dedan, anayetufundisha Biashara, ametupa kazi ya muhula mzima juu ya mfumuko wa bei. Ametueleza kwamba ofisi ya takwimu huwa na kikapu. Si kikapu cha ukili, ni kikapu cha hesabu. Ndani wanatia vitu ambavyo nyumba nyingi hununua: unga, mkaa, nauli, kodi ya nyumba, dawa. Kila kitu hupewa uzito wake kulingana na pesa ambazo watu hutumia kukinunua. Halafu kila mwezi wanauliza bei za vitu hivyo, wanajua maisha yamepanda kwa kiasi gani. Sasa kila mwanafunzi atengeneze kikapu cha nyumba yao.

Naona haya kukuuliza mambo ya pesa, lakini naomba uniandikie vitu mnavyonunua kwa mwezi na kila kimoja ni kiasi gani. Usiache kitu.

Mjukuu wako,
Rufaida

*

Shela, Malindi
27 Januari 2026

Mke mwenzangu Rufaida,

Marahaba, tena marahaba. Barua imefika, ila huyo Mwaro wako alikaa kwanza akala mahamri manne, akanywa chai, akanisimulia habari za mama yake wa Gede, ndipo akakumbuka ana barua mfukoni. Mimi sijambo, alhamdulillah. Babako alikuja Ijumaa, amekuwa mweusi kama chungu kwa jua la huko. Paka wako amezaa katika kabati la vyombo. Sikumtoa.

Mwalimu Dedan ana mke? Mwanamume mwenye mke haulizi watoto wa watu bei ya mkaa.

Haya, andika. Chakula chote pamoja na unga na mafuta ya mahamri ninayouza, elfu kumi. Mkaa, maji na stima, elfu tatu. Nauli, sabuni na vitu vidogo vidogo, elfu mbili. Dawa zangu, elfu tano. Hapo nimetia vichupa vya sindano ya sukari, kila kimoja mia nane, na vile vijiti vya kupimia, na vidonge vya presha, na pesa za daktari. Zamani vichupa nilikuwa nikipewa bure kliniki. Siku hizi ukifika dirishani unaambiwa vimekwisha, kanunue nje.

Soma. Na kula hayo maharagwe, usiwape wenzako.

Bibi yako,
Kibibi

*

Shuleni, Tezo
Jumapili, 1 Februari 2026

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa habari za paka, nilicheka peke yangu bwenini hata rafiki yangu Sumeiya akaniuliza kama nina homa. Huku mvua hakuna, tunachota maji kwa zamu. Nilipata alama nzuri ya Kiswahili, ya Hisabati ni ya wastani.

Kazi ya kikapu imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nimezigawa zile elfu ishirini, na dawa zako, Bibi, ni robo kamili! Nilidhani nimekosea, nikarudia. Katika kikapu cha taifa, afya haifiki hata sehemu nne katika mia. Mwalimu alinieleza sababu: wanapoweka uzito wanachukua nyumba nyingi, zenye wagonjwa na zisizo na wagonjwa, na wanahesabu pesa ambazo watu wametoa kweli. Nyumba ambayo haikununua dawa haiongezi kitu, hata kama haikununua kwa kukosa.

Aliniambia nisimame niwaeleze wenzangu. Unanijua, nikisimama mbele ya watu sauti inakuwa ya kitoto. Lakini nilisema: kwetu, robo ya pesa zote ni dawa za bibi yangu. Darasa zima likasema “Wooi!” Wengi wao kikapu chao ni chakula na karo tu. Mwalimu akasema cha kwetu ndicho kinachofunza zaidi. Nilikaa chini uso unawaka, lakini nilifurahi.

Naomba hesabu ya Februari itakapokuwa tayari.

Rufaida

*

Shela, Malindi
20 Februari 2026

Rufaida,

Ramadhani karim. Leo ni funga ya pili. Nimechelewa kujibu kwa shughuli, hakuna jingine. Paka wamefumbua macho.

Barua yako nimeisoma. Kwa hivyo darasa zima sasa linajua kwamba Bi Kibibi wa Shela, mzee mmoja, anakula robo ya pesa za nyumba. Haya. Mimi nimelelewa kwamba ya ndani yanabaki ndani, hata jirani akikuuliza u hali gani unasema njema ukiwa umelala kitandani. Lakini hizo ni elimu za zamani. Sikukasirika.

Likizo fupi ya katikati ya muhula usije huku. Nauli imepanda, na mimi nina futari za kuuza, sitapata nafasi ya kukaa nawe. Nenda kwa shangazi yako Widad hapo hapo Kilifi.

Hesabu yako hii. Chakula elfu kumi na mia tano, kwa sababu ya tende na tambi. Mkaa, maji na stima elfu tatu. Nauli na vidogo vidogo elfu mbili. Dawa elfu mbili.

Ndiyo, nimefunga. Usiniandikie hotuba. Najisikia mwepesi.

Bibi

*

Kwa Shangazi Widad, Kilifi
Jumapili, 1 Machi 2026

Bibi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani karim. Niko kwa Shangazi, kesho narudi shule. Ana jiko jipya la gesi na analiogopa, anawasha kiberiti akiwa amegeuza uso. Nilikupigia kwa simu yake. Mara ya kwanza ulisema una kaimati mafutani, nikakata. Jana hukupokea. Shangazi anasema nisihangaike, mtu mwenye futari za kuuza hana mkono wa kushika simu.

Nisamehe kwa yale ya darasani. Sikufikiri. Kwangu ilikuwa kama kusema jina lako mahali pazuri.

Kabla ya likizo nilipeleka hesabu ya Februari kwa Mwalimu. Niliigawa jumla ya Februari kwa jumla ya Januari, ikatoka kwamba nyumbani kwetu maisha yameshuka bei. Kwa wenzangu wote yamepanda. Mwalimu akaisoma kwa sauti, akasema, “Rufaida, nyumba yenu imepata nini ambacho Kenya nzima haijapata?” Wakacheka. Lakini baadaye aliniita kando, akanieleza taratibu kosa langu. Nilihesabu pesa zilizotoka, si bei. Kikapu cha Januari hakibadilishwi. Unachukua vitu vile vile, kiasi kile kile, na unauliza leo vinauzwaje. Mtu akiacha kununua kitu, alisema, hiyo haina maana kwamba kitu kimekuwa rahisi.

Kwa hivyo sitaki tena jumla. Nataka bei tu. Unga kilo mbili, mafuta lita, nazi moja, debe la mkaa. Na kichupa kimoja cha sindano yako sasa ni bei gani.

Rufaida

*

Shela, Malindi
10 Machi 2026

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimekusamehe zamani, sina hata la kusamehe. Futari zinatoka vizuri, alhamdulillah, mikate ya kumimina haifiki magharibi. Babako hakuja Ijumaa hizi mbili, wana kazi nyingi. Paka mmoja nimempa mtu wa Mambrui.

Unga umepanda shilingi kumi. Mafuta yamepanda, nazi imepanda tena ni ndogo kama ngumi. Mkaa ni ule ule ila debe wanalijaza kwa ujanja, vipande vikubwa juu na vumbi chini. Waambie hao wa ofisi ya takwimu wachungulie chini ya debe.

Jumla hukuiuliza ila nimeizoea, chukua. Chakula kimefika elfu kumi na mbili, viungo peke yake vimekula elfu moja na mia tano. Dawa usijishughulishe nazo mwezi huu, ni Ramadhani.

Bi Hannah nampa salamu, najua anasoma. Mwambie nywele zako azitazame, usizikate.

Bibi

*

Shuleni, Tezo
Jumapili, 15 Machi 2026

Bibi,

Shikamoo. Nashukuru kwa bei. Mwalimu alicheka sana kwa habari ya vumbi chini ya debe, akasema kuna watu wenye shahada ambao hilo halijawahi kuwapitia akilini.

Lakini umenijibu kila kitu isipokuwa kimoja. Kichupa sasa ni bei gani?

Najua ni utovu wa adabu kumrudia mkubwa kwa swali lile lile. Nimeandika mistari hii nikaifuta mara nyingi, utaona karatasi imechakaa. Bibi, nilikuwapo nawe siku daktari alipokwambia usifunge. Na alisema mwezi wowote, uwe unakula au huli, sindano haiachwi, hupunguzwa tu kwa kauli yake. Ulimwambia “inshallah, daktari,” nami nikakubebea mkoba. Je, alikuruhusu baadaye? Ulirudi kwake?

Na viungo vya elfu moja na mia tano ni vya harusi. Kwetu kuna harusi?

Nasoma sura moja ya kitabu nafika mwisho sijui nimesoma nini. Nijibu bei tu. Mstari mmoja unatosha.

Rufaida wako

*

Shela, Malindi
23 Machi 2026

RUFAIDA,

IDD MUBARAK. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA KWA SABABU KALAMU NI MBOVU NA TAA YA SEBULENI INAFIFIA. IDD ILIKUWA NJEMA. BABAKO ALIKUJA SIKU MOJA TU. NILIVAA ULE MTANDIO ULIONICHAGULIA, WATU WAKANISIFU NIMEPUNGUA MWILI, NIMEKUWA MSICHANA.

VIUNGO NI HABASODA NA UWATU, KWA MSELLEM WA DUKA LA MKABALA. KIJIKO ASUBUHI, KIJIKO JIONI. NI VIZURI KWA TUMBO. NIMEVIANDIKA KATIKA CHAKULA KWA SABABU VINALIWA.

KICHUPA NI MIA NANE, ILE ILE. UMERIDHIKA?

NIMEANZA SITA. FUNGA SITA ZA BAADA YA IDD SIJAZIACHA TANGU NIOLEWE, SITAZIACHA SASA. VIATU VIPYA VYA IDD VIMENITIA LENGELENGE KIDOLENI, SIKUSIKIA HATA MAUMIVU, NILIONA DAMU TU KATIKA SOKSI. NIMEPAKA ASALI.

SOMA. UNAFUNGA SHULE ALHAMISI IJAYO, TUTAONANA.

BIBI

*

Shuleni, Tezo
Alhamisi, 26 Machi 2026

Bibi yangu,

Shikamoo. Utanichukia kwa nitakayoandika, na naomba uyasome mpaka mwisho hata kama utakuwa umekasirika.

Kaka yake Sumeiya ana duka la dawa Mambrui. Sumeiya alikuwa amemwandikia kwa ajili ya kikapu chao, na jibu lake lilikuja wiki iliyopita. Kichupa kile kile, jina lile lile, kimekuwa elfu moja na mia moja tangu katikati ya Februari. Malindi ni hivyo hivyo, alisema, wote wanachukua kwa muuzaji mmoja. Sikukwambia. Nilingoja uniambie wewe. Nilikuwa naomba uandike elfu moja na mia moja. Hata ungeandika na matusi juu yake ningefurahi.

Ukaandika mia nane. Mtu hawezi kujua bei mpya ya kitu asichokwenda kununua.

Nilipofika kwenye kidole nilisimama. Hukusikia maumivu. Na kalamu yako si mbovu, Bibi, naiona kwenye bahasha, Mwaro aliandika jina la shule kwa kalamu hiyo hiyo na herufi zake ni ndogo. Ni macho.

Nilikwenda kwa Matroni Hannah. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza, “Wewe ni nguzo au mtu?” Nikamwambia yote. Nilidhani atasema anajua kwa sababu anasoma barua. Akasema, “Mimi nilisoma viungo nikaona viungo. Hebu chukua simu.” Nikampigia Baba mbele yake. Nyuma yake nilisikia mashine za chumvi. Kisha akasema anatoka sasa hivi.

Kwa hivyo akija usimfukuze. Si yeye, ni mimi. Nimetoa ya ndani nje mara ya pili, na safari hii sikuombi msamaha.

Lakini ya kwanza naiomba tena. Nilipopiga hesabu ile ya robo, nilifurahi kwa sababu nimepata jibu zuri la darasani. Sikujiuliza wewe utaisoma namna gani. Ungeniambia. Ungeniandikia hata, “Mtoto huyu hana haya.” Mimi ningetaka robo hiyo iwe hata nusu, mradi wewe uko.

Barua hii haitasubiri siku ya soko. Dereva wa shule anakwenda Malindi mchana huu, matroni amemwambia akuletee mkononi. Huenda Baba atafika kabla yake. Sijui. Hapa sijui kitu chochote.

Rufaida

*

Hospitalini, Malindi
Jumatatu, 30 Machi 2026

Mke mwenzangu,

Marahaba. Anayeandika ni babako, mimi nasema. Mwandiko wake unaujua, ni kama kuku amepita, lakini daktari amenikataza kukodoa macho.

Babako alifika Alhamisi kabla ya magharibi na gari la kazini, hata viatu hakubadilisha. Alisema, “Mama, simama twende.” Nikamwambia nimefunga. Akasema, “Basi utafungulia hospitali.” Jirani wote wakatoka milangoni. Msellem alitoka na mfuko wa habasoda mkononi, ati nisafiri nayo! Babako alimtazama, naye Msellem akarudi ndani ya duka lake bila kuambiwa.

Walipima sukari, kile kimashine kikashindwa kusoma kwa jinsi ilivyokuwa juu. Yule nesi, msichana mdogo anaitwa Monicah, akaniuliza, “Bibi, mara ya mwisho ulipiga sindano lini?” Nikasema juzi. Akasema, “Juzi ya mwezi gani?” Nilicheka, Rufaida. Ndipo nikalia.

Nilianza kwa kupunguza. Kichupa cha wiki mbili nikikifanya cha mwezi. Nilipokwenda dukani Februari nikaambiwa kimepanda, sikuuliza kwa kiasi gani, niligeuka. Ramadhani ikaingia, nikafunga siku ya kwanza sikuanguka, ya pili, ya kumi. Nikasema mwili umejirekebisha wenyewe. Kila siku niliyofunga nikiwa mzima niliihesabu kuwa ushahidi. Sukari haina kelele. Na ile bei niliyokuandikia niliitoa katika barua yangu mwenyewe ya Januari, nilikuwa nimeweka nakala.

(Hapa Mama amesema niandike habari za paka. Rufaida, hili naandika mimi. Amenikataza kuliandika. Anasema alitaka ukirudi Aprili ukipiga hesabu ukute ile robo yake imepungua. Hayo ndiyo maneno yake, alitaka kukupa hesabu nzuri. Mimi pesa za dawa nilikuwa naleta kila mara, sikuuliza zimenunua nini. Baba.)

Anaandika nini muda wote huo, sijasema maneno mengi hivyo.

Sindano nimerudishiwa, asubuhi na jioni. Macho yanatazamwa na daktari wa macho wiki hii. Kidole, daktari anakuja kukitazama kila siku na kukinusa kama mtu anayenunua samaki. Anasema tungoje mpaka Jumatano ndipo ajue kama kitakatwa. Babako anakwenda nje akiambiwa hivyo, anadhani sioni anakwenda kufanya nini. Mimi sioni herufi, watu nawaona.

Mwambie Mwalimu Dedan kichupa ni elfu moja na mia moja. Babako amenunua viwili mbele yangu. Nilimwambia yule wa duka la dawa kwamba huo ni wizi, akasema, “Bibi, na mimi naununua.”

Alhamisi ukifika usiende nyumbani, njoo moja kwa moja huku, wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Ukiingia usianze kutazama mguu. Najua utataka kutazama mguu. Njoo upande wa kichwa, chukua mkono wangu, uubusu, uniamkie vizuri kama mtoto aliyelelewa. Kisha ndipo tutafunua shuka, mimi na wewe, tutazame pamoja.

Bibi yako,
Kibibi